Nyuzi

Karakol, mwezi wa pili. Kibanda cha kukodisha
kinanuka nta, soksi na makaa ya mawe.
Sayra aliingia kabla lifti haijaamka,
ubao wa kakake kwapani,
aproni ya jikoni ingali chini ya koti,
siki ya ashlan-fu vidoleni.

"Ulegeze," alisema. "Unanitupa.
Baridi ya tatu hii unanitupa
pale pale, kwenye kona ya misonobari,
goti hili, kila mara goti hili.
Labda mimi si mtu wa mlimani."

Si mtu wa mlimani! Na kitovu chake kimezikwa
mwendo wa dakika kumi kutoka hapa.
Sikumjibu. Nilimwambia asimame, atazame jiko,
nikamsukuma mgongoni, kidogo tu.
Mguu wa kushoto ukaruka mbele kumwokoa.
Nikarudia. Kushoto.
Mara ya tatu alijua naja, akajikaza,
na bado: kushoto.

Nikaulaza ubao mezani.
Talantbek alitangulia kwa mguu wa kulia.
Talantbek, aliyekwenda Kazan kupaka rangi majumba ya watu,
anatuma pesa, anatuma picha, hatumi tarehe.
Alikuwa kafunga kila kitu kwa kipimo cha mwili wake:
kulia mbele, nyuzi kumi na nane,
miguu imetanuka kama ya mtu anayeziba mlango,
skrubu nane, na gundi juu ya skrubu,
maana Talantbek akishasema, kasema.

Basi dada mtu, baridi tatu,
alikuwa akiushuka mlima kinyumenyume
ndani ya msimamo wa mwingine,
akijiita mzito.

Kutangulia si kufika, najua.
Ila anayetangulia awe mguu wako.

Bisibisi. Skrubu ya kwanza ilikataa.
Ya tano ililia.
Ya saba niliipasha moto kwa njiti tatu za kiberiti.
Chini ya diski rangi ilikuwa bado mpya,
duara la buluu lisilowahi kuona jua.
Sayra aliligusa, akanyamaza.

"Akirudi je?"

Nikasema skrubu haina kinyongo,
huenda kulia, huenda kushoto.
Hakucheka. Nikachukua penseli,
nikaandika ukutani, kati ya bei za miwani na ramani ya njia:
TALANTBEK. KULIA MBELE 18. NYUMA SIFURI. SENTIMITA 58.
"Yupo hapo," nikamwambia. "Sasa wewe."

Nilimpima kwa uzi, uzi hasa, wa kushonea,
kutoka gotini hadi sakafuni.
Neno hili nalo! Uzi hushona soksi,
nyuzi zinatuambia leo nje ni kumi na moja chini ya sifuri,
na nyuzi nyingine hizi, mikwaruzo kwenye diski,
zinaamua goti lipone au lilalamike.

Kushoto mbele, kumi na tano.
Kulia nyuma, sita, vidole vikitazama nje, kama bata.
Akapanda juu ya ubao, pale zuliani, akachuchumaa.
"Goti linasemaje?"
"Linanung'unika."
Jino moja tena kwa mguu wa nyuma: tisa.
Akachuchumaa tena, akainuka,
akachuchumaa, sasa bila kuniangalia,
na mabega, ambayo sikujua yalikuwa juu,
yakashuka.

Dirishani nilimwona akipita kona.
Hapana. Nilimwona akianguka konani,
pale pale, misonobari ile ile,
lakini kwa ubavu mwingine,
na safari hii alikuwa akicheka,
mdomo umejaa theluji.

Malipo: bakuli moja la ashlan-fu, pilipili nyingi.
Jioni tajiri akauliza nani kamchafulia ukuta,
ameshika kitambaa tayari.
Nikamwambia aache, hiyo ni akiba ya mtu.