Ndege Huyu, Ndege Hii

Saa moja kasorobo naendesha gari la manjano
toka ncha hata ncha ya lami, hapa bara, nyuma ya Mokowe,
nikiuhesabu uwanja kama mama ahesabuye meno ya mtoto:
ngiri wawili na wanawe wanne, mikia juu kama nyaya za redio;
kenge mmoja, mvivu, kalalia ufa;
na kule mwisho, nyasi zinaponifika magoti,
korongo kumi na saba wenye upara,
wamesimama na makoti yao kama mawakili
waliomtangulia hakimu.

Miaka mitatu tuliandikiana barua.
Sisi wa jeshi tulisema: viumbe hao ni wa Wanyamapori.
Wanyamapori wakajibu: viumbe wetu, uzio wenu.
Kaunti ikasema jaa liko nje ya uzio, kwa hiyo halihusiki.
Hali ya Hewa hawakuulizwa.
Kila barua ilikuwa na muhuri, na chini ya muhuri: Nakala kwa.
Korongo hawakupewa nakala.

Kisha Jumanne moja, masika yametuachia dimbwi kando ya lami,
Meja Chepkurui akapaa na shehena ya dawa,
na injini ya kushoto ikameza kitu.
Sauti ile siwezi kuiandika.
Sufuria ya shaba imetupwa kisimani,
na kisima kimekataa kunyamaza.

Alirudi na injini moja.
Akashuka, akavua glavu,
akakaa juu ya tairi la gari la zimamoto,
akaomba maji, akayashika tu.

Ripoti niliiandika mimi, Koplo Amina Bwanadi:
*Ndege imegonga ndege.*
Kamanda akaisoma mara mbili.
"Ipi imemgonga yupi?"
Sikucheka. Lugha imewapa jina moja
bila kutuambia watagawanaje anga.

Nikakusanya kilichobaki: unyoya,
damu niliyoifuta kwa pamba na spiriti,
na kwenye nyasi, utumbo wa mbuzi
uliozongwa na uzi wa buluu.
Unyoya na damu nikavitia bahashani,
vikaenda Makumbusho, Nairobi.
Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja:
korongo mfukoshingo, mkubwa, aliyeshiba.

Uzi haukuhitaji Makumbusho.
Ndio unaofungia magunia ya mchele jikoni mwetu.

Basi tukaketi ndani ya banda, viti vya plastiki, feni moja.
Hakuna aliyesema kidole kimoja hakivunji chawa;
sote tuliifikiria, tukaona haya.
Guyo Dida wa Wanyamapori akasimama:
"Mkizikata fupi, mmewaandalia kunguru meza.
Mkiziacha ndefu, panya watazaa, mwewe watawafuata.
Ziishie hapa," akagusa katikati ya muundi wake.
Bi Zuhura Famau wa Kaunti:
"Jaa nitalifukia kila jioni. Lakini trekta sina."
Kimya.
Trekta ilikuwa nje, yetu, imefunikwa turubai,
imekaa tangu gwaride la mwaka juzi.
Kamanda akatazama feni. Kisha akatoa ufunguo.

Mutinda wa Hali ya Hewa, aliyeitwa kwa mara ya kwanza,
alichora mtaro nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi,
kwa kuwa hatukuwa na karatasi.

Nisidanganye. Dizeli ya trekta
bado inatafuta wa kuilipia.
Ngiri wanaujua uzio kuliko sisi.
Na jikoni, mpishi mpya asipoangaliwa
hutupa matumbo ukutani.

Lakini leo asubuhi redio imeita:
"Wangapi, Koplo?"
"Wawili, Meja. Wananyoosha mbawa."
Injini zinanguruma mahali pamoja.
Mtu wa Guyo amepiga fataki moja, hewani, mbali.
Korongo wamekimbia hatua tatu, nzito, kama wazee
waliochelewa kivuko, wakainuka,
wakazunguka juu ya mikoko, wakapungua.

Chepkurui hajaachia breki.
Ndege huyu atangulie.
Ndege hii ifuate.