Bahari ya Ungo

Kitabu kilikuwa hakina jalada, hakina mwisho.
Mchwa wa maktaba ya shule walianzia nyuma:
wakala kisiwa, wakala hazina, wakala jina la mtunzi,
wakashibia ukurasa wa mia moja arobaini na mbili,
pale nahodha anapoinua kifuniko cha sanduku na

basi. Hapo hapo. Hata nukta hawakutuachia.

Mihayo, fundi simu wa Isevya, alikisoma mara tatu
huku akingoja wateja,
akaja kwangu ananuka risasi ya kuchomelea:
"Nyamizi, hii tuipige picha."

Mfuko ulikuwa laki mbili na kumi,
na katika hizo, themanini zilikuwa bado asali,
ndoo mbili za shemeji yake wa Sikonge, hazijauzwa.
Mambo ya kale ni ghali, akasema.
Kofia ya manyoya, koti la vifungo vya shaba, nani anavyo?
Basi iwe leo. Na ikawa leo:
nahodha akavaa kizibao cha njano cha wajenga barabara,
maharamia wakaja na bodaboda nne, za kukodi kwa saa moja,
ramani ikalala ndani ya simu yenye ufa.
Upanga ukawa panga.
Kasuku akawa kuku.
Kila tulipomeza silabi, pesa ikabaki.

Merikebu ilikuwa Fuso lililofia nyuma ya ghala la tumbaku,
limevuliwa matairi, limekaa juu ya matofali
kama mgonjwa aliyekataa kulazwa.
Tanga nililishona mimi, kwa majunia na sindano ya magodoro.
Likipata upepo linatoa vumbi la tumbaku,
na Shija, haramia wa pili, anapiga chafya;
pale tulirudia mara kumi na moja.

Maji tuliyafuata bwawani Igombe.
"Kamera isipande!" Mihayo alikuwa akipiga kelele,
"ikipanda itaonyesha ng'ombe wanakunywa bahari!"

Sauti ndiyo iliyonishinda. Bwawa halisemi kitu.
Mimi bahari sijaiona; nikampigia Kalunde, aliyeolewa Lindi,
nikamuuliza inaliaje. Akafikiri, salio langu likiteketea.
"Kama mtu anayepepeta mchele," akasema,
"halafu anakumbuka jambo, anasita. Kisha anaendelea."
Nikatwaa ungo wa mama na vibaba viwili vya mchele,
nikatia changarawe kidogo, kwa ajili ya dhoruba.

Jumamosi, ukumbi wa video wa Ng'ambo, kiingilio mia tano.
Kuku alishangiliwa kuliko nahodha.
Mtoto mmoja akauliza mbona bahari ina nyasi,
akanyamazishwa kwa karanga.
Tukafika kwenye sanduku. Nahodha akainua kifuniko na

umeme ukakatika.

Mihayo alikuwa amebuni mwisho wake, usiku kucha
(najua kilichomo, nilikishona mimi; sisemi).
Lakini gizani watu hawakumngoja fundi.
"Dhahabu!" "Kichwa cha mtu!"
"Hati ya kile kiwanja cha Kiloleni!"
Na sauti ya mama mmoja, nyuma, karibu na mlango:
"Malipo ya tumbaku ya msimu wa juzi."
Wakacheka. Kicheko kikaisha mapema.

Benchi zikaanza kukwaruza, watu wanataka mia tano zao.
Ungo na mchele wake vilikuwa miguuni pangu,
sikuvileta kwa kazi, nilikuwa navirudisha kwa mama.
Nikapepeta. Nikasita.
Nikapepeta.
Benchi zikatulia, moja, nyingine.
Mtu akasema polepole, "Maji yanajaa,"
nikasikia anavyoinua miguu.

Umeme ulirudi alfajiri, hapakuwa na wa kuuona.
Jumapili tuliipika ile bahari, na maharage.
Shija akavunjika jino kwenye dhoruba.