P Sifuri Mbili Tisa Tisa

Swift Current, saa moja kasoro, baridi imeuma hadi spana.
Pikapu ya Orville Dyck inaingia gereji ikikohoa,
theluji imegandia matairini kama ukoko wa ugali,
na kwenye dashibodi taa moja, rangi ya papai bivu.

"Haina nguvu," anasema. "Ikivuta trela kilimani, inakata tamaa."
Anasema kwa haya, kama mtu anayemsema mkewe kwa daktari.

Nachomeka skana chini ya usukani.
P sifuri mbili tisa tisa:
turbo haisukumi hewa ya kutosha.

Kwetu Makambako kodi ilikuwa ya nyumba,
na mwenye nyumba alikuja kubisha mlango mwenyewe.
Hapa kodi inadaiwa na mashine,
nayo haimtaji mdaiwa.

Duane, bosi, keshashika simu.
Turbo mpya, dola elfu nne na mia mbili, itafika Alhamisi.
Orville anatazama buti zake.
Naujua mtazamo huo: anahesabu ng'ombe kichwani.

Naomba saa moja.

Nang'oa bomba, naingiza kidole, nazungusha feni.
Inazunguka laini, haichezi, haikwaruzi ukuta.
Basi mwizi si wewe, naiambia.
Mkono wa mabawa nao nauamuru: funga. Fungua.
Unatii kama mtoto siku ya kwanza shuleni.
Kihisio cha presha nakifuta masizi. Kizima.

Mzee Mgaya, aliyenifunza kazi,
herufi hakuzijua, injini aliisoma
kwa bisibisi iliyobanwa kati ya chuma na sikio.
Akiwa na mafuta hadi viwiko alikuwa akisema:

*Injini ni kama mtu, huvuta hewa kuishi,*
*usisingizie kitu, kabla ya kuona moshi,*
*tafuta ilipo kutu, wala usiwe mbishi,*
*pumzi ikipotea, fuata inapokwenda.*

Nafuata. Najaza moshi mabombani.
Dakika tatu, kimya. Dakika ya nne Duane anapiga mwayo.
Dakika hamsini zimekwisha katika saa yangu
ndipo linanijia: kilima.
Gari halilalamiki likiwa limesimama.
Naongeza hewa ya kompresa, paundi ishirini,
na chini kabisa, nyuma ya rejeta ya hewa,
*sss*,
kama mtu anayeniita sokoni
asitake wengine wageuke.

Ufa. Urefu wa ukucha, chini ya klempu,
umejipaka mafuta ukang'aa kama mpira mzima.
Bila mzigo unafumba. Ukibebeshwa, unafunguka.
Tochi yangu ilipita hapo mara mbili.
Nilipaona, nikapaamini.

Mpira, dola themanini na sita.
Orville anataka nifute kodi papo hapo; nakataa,
kwanza tupande naye kilima, trela nyuma.
Turbo inapiga mluzi. Mkono wake unalegea juu ya goti.
Hasemi asante. Anawasha redio, bei za ngano.

Jioni, nikinawa kwa sabuni ya mchanga,
namkumbuka dada yangu Tulizana, Jumapili, kwenye simu:
"Sauti yako siku hizi haina nguvu.
Una nini?"
Nikamjibu upesi, kabla hajamaliza: baridi.

Sikuomba saa moja.