Vinundu

Kayenze, pale shamba linapoishia ziwani,
Nyanzobe aling'oa mche wa choroko, akasonya:
mizizi vipele vitupu, kama mtoto wa surua.
Akautupa jaani.

Nikauokota. Nikapasua kinundu kwa ukucha:
ndani, wekundu wa ufizi.

Wamo wapangaji humo, jicho haliwapati.
Kodi yao ni hewa: huivuta, huipika,
ikatoka mbolea;
mzizi nao huwapakulia sukari.

Wadoezi hawakosekani.
Wanakula, hewa hawaipiki.
Hao mzizi huwabania pumzi, polepole,
mpaka wajue nyumba ni ya nani.

Nyanzobe akacheka hadi akakaa chini.
"Kumbe na wao wana shemeji!"

Kisha akaufukia upya ule mche,
na ulikwisha nyauka,
akaumwagia maji aliyooshea sato.