Futi Nane kwa Nne

Nalitaka mbao pana,
plaiwudi ya maana,
si ile ya kuungana
kwa gundi ya mashakani.

Saumu apanga vyombo
sakafuni, pembe kombo,
kila siku ana jambo:
"Kabati langu ni lini?"

Miye si fundi wa jina,
ni karani, ila sina
raha kama ya kuchana
ubao kule uwani.

Malindi nikaingia,
bohari nikapitia,
Katana akanambia,
"Chagua, zimo ghalani."

Nikaisimika wima,
jicho moja, natazama
ukingo: haina homa
wala tege miguuni.

Nikatazama ubavu,
nahesabu kwa utuvu
tabaka, nione ovu
lililofichwa katini.

Saba! Tena nikagonga
kwa vidole, nikaunga
sikio, kama mkunga
asikizavyo tumboni.

Mbili zikanijibu "ko",
ya tatu, kama mfuko
mtupu. "Lo! Hii iko
na pengo lake moyoni."

Katana kacheka sana:
"Mbao wapima, kijana,
au waposea mwana?"
Akabadili, lakini

bei haikupungua
hata ndururu. Najua
cha rahisi hujivua
nguo zake unyevuni.

Zikapanda lori, tatu,
zikalaliwa na watu,
vitunguu, na viatu
vya mtumba, guniani.

Dereva kasema, "Kaa
juu, zisije kupaa."
Njiani vumbi na njaa,
hadi Mokowe, gatini.

Mashua ilizibeba
wima, mimi nimekaba
nailoni; tone haba
lingeziua mbavuni.

Lamu sasa. Hapa gari
ni punda, tena hodari,
lakini hii safari:
futi nane mgongoni?

Famau kashika mbele,
Bunu nyuma, na "Simile!"
tukapita kwa kelele
toka gati mitaani.

Upepo ukaingia
chochoroni, ukatia
kifua, ikapepea
mbao na Bunu hewani.

"Shika!" "Nimeshaishika!"
"Ishushe!" "Itavunjika!"
Watoto wakaanguka
kwa kicheko barazani.

Tukafika kwenye kona
ya wikio; nikaona
hesabu zinagombana
na ukuta wa zamani.

Wima, wikio lagusa;
ilale, kona yasusa;
nyuma yetu, punda sasa
watatu wako foleni.

Bunu kasema, "Ikate
hapahapa, tuipate
kupita." Nameza mate:
"Nzima mpaka nyumbani!"

Mlango ukafunguka:
Bi Mwanashee katoka
na unga ulomshika
hata juu, viwikoni.

Akatutazama. "Basi,
ingizeni kwa nafasi
kichwa humu; msinighasi,
nna andazi motoni."

Mbao ikapiga hodi,
ikavuka daka, hadi
ukumbini, ikarudi
kinyumenyume njiani,

mara tatu, moja moja.
Bibi kiganja kimoja
kaweka, isije kuja
kumwangukia jikoni.

Nikashukuru. "Mlete
mabaki yenu, na yote,
wiki hii, nikapate
kirafu cha ukumbini."

Nyumbani nikazitua
bapa, zisipigwe jua;
moja ina kama ua
la unga pale usoni:

vidole vitano, wazi.
Kwa msasa ni upuzi
kulifuta, ila juzi
nililigeuza ndani.

Kirafu kimeshakwenda
kwa Bibi, kikaupenda
ukuta; mimi napinda
mgongo bado kazini.

Kabati halijakwisha:
bawaba moja yashusha
mlango; anikumbusha
Saumu: "Bado? Kwa nini?"

Nikiinama kukaza
parafujo, kwenye giza
kiganja chajitokeza
kama chasema, "Piteni."