Mashtaka Dhidi ya Tuhk

Harufu ilinipokea mlangoni kabla ya baba.
Nilivua buti, nikakung'uta theluji,
soksi ikakanyaga unyevu, bado wa uvuguvugu,
na Tuhk yuko juu ya kabati la vyombo,
kijivu kama jina lake, jivu la jiko,
anajilamba paja kwa utulivu wa hakimu.

"Paka wako," baba akasema.
Siku akikamata panya huwa paka wetu.

Nikafanya yote yanayofanywa.
Nikasugua kwa siki, nikanyunyiza magadi,
nikaongeza sanduku la pili, kisha la tatu,
moja la mchanga laini, moja la vumbi la mbao,
na lile la kwanza nikalitenga na mashine ya kufulia,
maana ikianza kukamua nguo nyumba nzima ya mbao hutetemeka,
na mimi mwenyewe nisingeweza kujisaidia
ubavuni mwa mnyama anayenguruma vile.
Hapo tulielewana. Zulia la mlangoni likakauka.
Kiti cha baba hakikukauka.

Bi Virve, daktari wa wanyama pekee mtaani kwetu,
akamminya Tuhk kibofu, akainamia hadubini.
Hakuna fuwele, hakuna damu, hakuna vijidudu.
"Mkojo wa kijana," akasema, akanitoza euro sitini na nane,
akaniazima taa ya zambarau:
"Zima nyingine zote. Mkojo wa zamani huwaka."

Nikangoja baba alale.
Saa nane usiku, Februari ya Tartu, vioo vimeota maua ya barafu,
nikatambaa kwa magoti, mwizi ndani ya nyumba yangu.
Mlangoni: vidoa vidogo, vya chini, vilivyofifia,
sahihi ya paka, sikatai.
Halafu kiti.
Halafu mstari wa matone
kutoka kitini, kupita korido, kuelekea choo,
yakizidi ukubwa kadiri yalivyokaribia.
Hayakufika.
Na nyuma ya kikapu cha kuni, imekunjwa
pembe kwa pembe, kama ramani,
suruali yake ya kijivu.

Miaka thelathini na minane baba alipima mashamba ya watu.
Majirani wakishikana mashati, aliitwa Heino,
akaja na mnyororo wake, akapigilia kigingi,
ugomvi ukaisha, wakanywa kahawa.
Sasa mpaka umehama ndani ya mwili wake
na hajui amwite nani.

Wanasema mficha uchi hazai.
Lakini huyu amekwisha kuzaa. Alinizaa mimi,
akanibadilisha nepi juu ya meza ya jikoni hii hii,
mama akiwa zamu ya usiku kiwandani.
Aliyekwisha kuzaa, mwache afiche.

Asubuhi nikapiga kelele kuliko siku zote.
"Tuhk! Shetani wee! Tena kwenye kiti!"
Nikatandika mpira kitini, juu yake blanketi la sufu,
kwa sababu ya paka huyu.
Nikanunua suruali nne za kijivu,
eti bei ilikuwa imeshuka.
Nikaacha taa ya korido ikiwaka hadi alfajiri.
"Ya nini?" baba akauliza.
"Paka haoni vizuri gizani siku hizi."

Baba aliutazama uji wake.
"Paka haoni gizani," akasema polepole.
Akakoroga mara mbili.
"Maskini. Ni uzee."

Tuhk ana miaka mitatu.

Kila jioni humpa samaki mmoja wa kopo,
ujira wa mshtakiwa asiyekata rufaa.
Jana nilirudi mapema, nikawakuta kitini wote wawili,
mkono wa baba umetulia mgongoni mwa paka,
anamnong'oneza jambo. Aliponiona akanyamaza.
Nikaenda jikoni na kopo langu.
Kwenye kibakuli palikuwa na mkia wa samaki, mbichi bado wa mafuta,
na kopo jingine, tupu, limefichwa chini kabisa ya takataka,
limefungwa gazeti
pembe kwa pembe.

Bi Virve analalamika kwamba amenenepa.