Kishikio

Kwa miaka ishirini na sita niliishi
kuanzia shingo kwenda juu.
Kilichobaki kilikuwa kigari cha kubebea kichwa
kutoka kitandani hadi ofisini, Ljubljana,
kitu cha kulishwa na kuvalishwa,
cha kukaripiwa kikiuma.

Baba alipofariki, Machi, theluji ingali mapaani,
nilimzika kwa kichwa:
cheti, jeneza, mashada, supu ya wageni sitini.
Sikulia. Wengine wakasema Zalka ana subira,
wengine, Zalka ana jiwe.
Hawakujua, wala sikujua,
kwamba kilio kilikwisha kushuka bila kuniaga
kikajitafutia malazi:
kwenye taya, usiku, nikisaga meno;
kwenye bega la kulia;
chini ya mbavu, pale pumzi ilipofika ikageuka
kama mgeni aliyekuta mlango umekomewa.

Juni nikapanda konde lake la juu, Bohinj.
Nyasi zilikuwa kiunoni, zimechanganyika na maua
ambayo Jernej, baba yangu, aliyajua kwa majina
na mimi nayajua kwa rangi tu.
Jirani yetu Lovro akanipa trekta.
Nikakataa. Sijui nani alinisemea.

Mundu mrefu ulikuwa ghalani, juu ya misumari miwili,
mpini umeng'aa kwa jasho lisilo langu.
Siku ya kwanza nilifyeka kama mtu anayegombana;
ncha ikachoma udongo, ikachoma tena.
Lovro alinitazama akitafuna mkate.
"Mikono haifyeki," alisema. "Mikono inasindikiza."
"Kinachofyeka ni nini?"
Akajipiga nyonga, akarudi kwa ng'ombe wake.

Basi nikaanza shule, mwanafunzi wa miaka hamsini na mbili.
Saa kumi na moja alfajiri, nyayo tupu kwenye umande,
kila kidole kikishtuka kivyake.
Uzito toka mguu wa kulia, uende wa kushoto.
Nyonga ivute ubavu, ubavu uvute bega,
na pumzi itoke pamoja na makali:
shwaa.
Nyasi zinalala zenyewe, kama zilichoka kusimama.
Shwaa. Panzi wanaruka mbele ya makali.
Kunoa. Maji ya pembe yananimwagikia pajani,
baridi, nami nacheka peke yangu.

Lakini bega.
Baba alikuwa mrefu, nami nimemfuata mama.
Siku tisa nilipandisha bega kufikia kimo chake,
nikidhani ndiyo heshima.
Siku ya kumi bega likakataa, kimyakimya, kama punda.
Nikachukua spana, nikalegeza skrubu iliyoota kutu,
nikashusha kishikio vidole vinne.

Pale kilipokuwa pamebaki duara la mti
lisiloona jua miaka arobaini,
jeupe,
kama ngozi iliyo chini ya pete.

Kilio hakikuanza machoni. Kilianza magotini.
Magoti yakaketi, kisha tumbo likafunguka,
kisha sauti fulani, ya mnyama, ikapita kooni
bila kuniomba ruhusa.
Kamasi, majani yaliyonatia shavuni,
siafu mmoja akipanda kifundo cha mkono wangu
na mzigo wake, asisimame kutoa pole.
Ardhi ilikuwa na joto. Iliubeba uzito wangu wote
wala haikuuliza kama nimemaliza.

Nilipoinuka nilikuwa na njaa.
Nilikula jibini yote, na ganda lake.

Mvua ilituwahi wiki hiyo, nusu ya nyasi zikaoza
kabla ya kufika kwenye chanja.
Kipande cha juu hakikufyekwa kabisa.
Lovro alisema baba angetukana,
nami nikatukana kwa niaba yake, kwa maneno yake.

Sasa ni Novemba, ghorofa ya nne, mbele ya kompyuta.
Bega bado huuma mvua ikikaribia.
Siliambii linyamaze.
Hupata habari kabla yangu.